Je, Wajua? Andes Imejaa Kapuni Fataki

Mwenye hamu ya kuiona Amerika ya Kusini lakini mfuko wake ni mwepesi, namshauri hivi: apande Fataki siku ya soko, kikapu mkononi. Fataki iko juu katika teritwari ya Djugu, jimbo la Ituri, mashariki ya Kongo, karibu kilomita 80 kaskazini ya Bunia, kwenye barabara inayokwenda Mahagi. Kutoka hapo hadi milima ya Andes ni zaidi ya kilomita 10,000: msitu, bahari, kisha msitu tena. Lakini tazama vilivyopangwa juu ya magunia ya akina mama, halafu uniambie kama hukufika Bolivia kabla jua halijawa kali.

Mazao kumi, bara moja

Viazi mviringo, mahindi, maharage, mihogo, karanga, nyanya, pilipili, maboga, viazi vitamu na tumbaku: hakuna hata kimoja kati ya hivi kumi kilichokuwa kinalimwa Kongo kabla Columbus hajafika Amerika mwaka 1492. Vyote vililimwa kwanza na wenyeji wa Amerika. Vingi vilivuka Atlantiki katika meli za Wareno, vikapanda mito na njia za misafara mpaka vikatufikia huku ndani. Ukiviondoa vyote sokoni unabaki na ulezi, mtama, njugu mawe, viazi vikuu na ndizi, na hata ndizi asili yake ni Asia. Mtu wa nyanda hizi wa miaka 600 iliyopita, ukimwekea sahani yako ya leo ya bugali wa mahindi, sombe na maharage, asingetambua tonge hata moja.

Majani ya siku saba

Muhogo ulizaliwa Brazil, lakini kwa upishi wa majani yake akina mama wa Kongo wamewapita waliouanzisha. Katika jimbo la Pará, kaskazini ya Brazil, kuna chakula cha majani ya muhogo kiitwacho maniçoba, nacho hukaa motoni takriban siku 7 ili sumu iishe. Siku saba! Mama wa Fataki anatwanga sombe asubuhi, na kabla ya jioni watu wameshanawa mikono. Siri iko kwenye kinu. Jani likipondwa sawasawa, sumu iliyofungwa ndani yake inaachia, na mvuke wa sufuria unaiondoa. Hiyo ni kemia kamili, iliyopatikana jikoni na kupokezanwa kwa mikono tu, mama kwa binti.

Kiazi chenye ndugu 4,000

Sokoni kwetu ukikuta aina tatu za viazi mviringo, unasema leo kuna kuchagua. Katika Andes kuna zaidi ya aina 4,000: vyeusi, vya zambarau, vyekundu nje na njano ndani, vingine vyenye vinundu vingi hata kuvimenya ni kazi ya subira. Watu wa kandokando ya Ziwa Titicaca, lililo kwenye kimo cha mita 3,800 hivi, walianza kuvilima yapata miaka 8,000 iliyopita. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoanzishwa Lima mwaka 1971, kinatunza maelfu ya aina hizo zisipotee, na tangu mwaka 2024 Umoja wa Mataifa unaadhimisha Siku ya Kiazi kila tarehe 30 Mei.

Wingi huo ni ngao. Mwaka 1845 maskini wa Ireland walikuwa wanategemea karibu aina moja tu ya kiazi. Ugonjwa wa kuozesha majani ukaingia shambani, haukukuta kizuizi, na njaa iliyofuata ikaua watu karibu milioni moja. Kwa hiyo ukimwona mama anatunza mbegu ya kiazi ambacho wenzake wamekwisha kukiacha, mheshimu sana.

Viazi vinavyokaa ghalani miaka kumi

Wakulima wa Bolivia na Peru wana njia ya kukausha viazi isiyohitaji umeme wala mtambo. Mwezi Juni na Julai, baridi inapokuwa kali, huvitandaza nje usiku vigande. Asubuhi jua likiviyeyusha, watu wazima na watoto huvikanyaga kwa miguu mitupu, maji yakamuke. Wanarudia hivyo siku kadhaa. Kinachobaki huitwa chuño: chepesi, kikavu, kigumu, nacho kinaweza kukaa miaka hata kumi bila kuharibika. Dola ya Inka ililisha majeshi na wajenzi wake kwa maghala ya namna hii.

Djugu kuna baridi, ndiyo, lakini haifiki ya kugandisha maji. Kwa hiyo kiazi cha Fataki hakina subira: lazima kipakiwe kwenda Bunia mapema, na lori likikwama kwenye matope, hasara inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo.

Maharage nayo yana ukoo

Mwaga maharage kwenye ungo uyaangalie vizuri. Yale makubwa, mengi yakiwa na madoadoa au wekundu, asili yake kwa kawaida ni Andes. Yale madogo, kama meusi na meupe ya punje ndogo, mara nyingi ukoo wake ni Meksiko na nchi jirani zake. Wataalamu wa mbegu wamethibitisha kwamba haragwe lilianza kulimwa mara mbili, mahali pawili tofauti, na watu ambao hawakujuana. Sokoni mama anayachanganya kwenye beseni moja bila shida, na yanapikwa pamoja. Kuiva ndiko kunakochelewa, kwa maana hapo ndipo mlima unapoingilia kati.

Maji yanayochemka yakiwa hayajafika 100

Shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwenye digrii 100. Ni kweli Mombasa na Banana, ufukweni. Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye digrii 96 hivi. Panda mpaka mita 2,000, kimo kinachopatikana kwenye vilele vingi vya Djugu, ni 93. La Paz, yenye mita 3,600, ni 88. Kanuni ni rahisi kukumbuka: kila unapopanda mita 300 hivi, unapoteza digrii moja.

Sababu ni hewa. Mlimani hewa inayokandamiza maji kwa juu ni nyepesi, basi maji yanaanza kutokota mapema, kabla hayajapata joto lote. Na sufuria ikishatokota, kuongeza kuni hakuongezi joto la maji. Kunaongeza mvuke tu. Ndiyo maana maharage ya Fataki yanakula kuni kuliko maharage ya Kasenyi kule chini, kwenye Ziwa Albert, hata kama yametoka gunia moja. Andes wamelitatua tatizo hili kwa sufuria ya kufunga kwa nguvu, ile inayopiga mluzi, ambayo imeenea katika majiko ya mijini huko. Kwetu dawa ya bei nafuu ni ileile ya siku zote: loweka usiku, funika vizuri, weka jiwe juu ya kifuniko. Jiwe lile linasaidia kweli: linabana mvuke na kuzuia joto lisitoroke.

Msafiri atauona mlima hata kwenye mfuko wake wa mgongoni. Pakiti ya biskuti iliyofungwa vizuri ziwani itafika juu imevimba. Usiitilie shaka, biskuti ni nzima. Hewa iliyofungwa ndani ni ya bonde; ya nje sasa ni ya mlima, nayo ina nguvu ndogo.

Kopo ndilo mzani

Kivu, maharage na unga vinapimwa kwa kopo la maziwa ya watoto la Guigoz, kiasi kwamba watu hutaja "guigoz mbili" bila kufikiria maziwa hata kidogo. Kenya kipimo ni gorogoro, kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2. Debe, linalojulikana kutoka Pwani mpaka Maziwa Makuu, lilianza kama bati la mafuta ya taa la lita 18 hivi. Viwanda vilitengeneza makopo, soko likayageuza sheria, na sheria hiyo inafahamika kwa kila mtu, aliyesoma na asiyesoma.

Ila msafiri mgeni na ajue: bei haisomwi kwenye kopo peke yake, inasomwa kwenye kilele. Kopo lililosawazishwa na kopo lenye mlima juu ni bidhaa mbili tofauti. Ukishalipa, una ruhusa ya kuomba nyongeza. Katika masoko ya Andes desturi ni hiyohiyo, wanaiita yapa: muuzaji akikupimia anaongeza konzi moja juu, na mteja wa kudumu huidai bila aibu. Mimi naona konzi ile ndiyo tangazo la biashara lenye nguvu kuliko yote duniani, kwa sababu kesho utarudi kwa mama yuleyule.

Mama na mtoto juu ya sarafu

Ekuador iliacha sarafu yake mwaka 2000 ikachukua dola ya Marekani. Mwaka huohuo Marekani ilitoa sarafu mpya ya dola moja, ya rangi ya dhahabu, yenye picha ya Sacagawea, mwanamke mwenyeji wa Amerika aliyebeba mtoto mgongoni. Wamarekani hawakuipenda, wakabaki na noti zao za karatasi. Sarafu zikapata kwao Ekuador: katika masoko ya Quito, mji ulio kwenye kimo cha mita 2,850, akina mama wenye watoto mgongoni wanapokezana sarafu yenye mama mwenye mtoto mgongoni.

Bunia nayo inatumia dola, lakini kwa masharti yake. Noti ya dola moja wengi wanaikataa, na noti kubwa ikiwa imechanika hata kidogo kwenye ukingo, wenye duka wanakurudishia. Kwa manunuzi madogo ni franka. Noti kubwa kuliko zote, ya franka 20,000, ilipotoka mwaka 2012 ilizidi thamani ya dola 20. Leo ni chini ya nusu ya hapo. Ukisogea Mahagi na Aru, shilingi ya Uganda nayo inaingia mchezoni. Muuza mchele wa huko anakokotoa fedha tatu kichwani, mbele yako, na chenji inatoka sawa.

Mvua moja, bahari mbili

Katika nyanda za Djugu, mawingu ya siku moja yanaweza kulisha bahari mbili. Mgongo wa milima hii ni mpaka kati ya maji ya Nile na maji ya Kongo. Tone likiangukia mteremko wa mashariki linashuka Ziwa Albert, linaingia Nile na kwenda Misri mpaka Mediterania. Likiangukia magharibi linaingia mto Ituri, ambao mbele unaitwa Aruwimi, unaungana na Kongo pale Basoko, kisha safari ya Atlantiki.

Ajabu zaidi ni Bunia yenyewe. Ziwa Albert liko jirani, mwendo wa kilomita 40 hivi kwa mstari mnyoofu, chini kabisa kwenye mita 619. Ungetegemea maji ya mji yakimbilie huko. Wapi! Mto Shari unayapeleka Ituri, upande wa pili, na kutoka hapo yanavuka Kongo karibu nzima kabla ya kuonja chumvi. Ukinawa mikono Bunia umewatumia salamu watu wa Kisangani? Hapana: Aruwimi unaingia Kongo chini ya Kisangani. Wanaozipata ni watu wa Basoko, Mbandaka na Kinshasa.

Wasafiri wa mizigo wa mwaka 1887

Wageni wa siku hizi huzunguka Andes na mfuko wa kilo 10 au 15 mgongoni wakaandika kitabu. Wapagazi wa Kizanzibari waliopita Ituri mwaka 1887 walibeba karibu kilo 27 kila mtu, kichwani au begani, na wengine wao walibeba pia boti ya chuma iliyokatwa vipande 12. Ulikuwa msafara wa mpelelezi Henry Morton Stanley, uliokwenda kumwokoa gavana Emin Pasha. Kiasi cha watu 620 waliandikishwa Unguja. Tarehe 28 Juni kundi la mbele la watu 389 liliondoka Yambuya, kwenye mto Aruwimi, na halikuliona Ziwa Albert mpaka tarehe 13 Desemba.

Miezi mitano na nusu, sehemu kubwa msituni, bila soko. Hilo ndilo lililowaua. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, wengine waliachwa kambini wakiwa hawawezi tena kutembea, na wanakijiji waliokuta msafara wenye bunduki ukitafuta chakula mashambani mwao nao walilipa gharama kubwa. Vitabu vimejaa jina la Stanley. Mimi ninayemkumbuka ni mpagazi wa Unguja aliyetoka kwenye giza la miti, akasimama kwenye nyasi za nyanda za Ituri, si mbali na Bunia ya leo, akaliona anga lote kwa mara ya kwanza baada ya miezi.

Soko kwanza, ramani baadaye

Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vimewafukuza mamia ya maelfu ya watu wa Djugu kutoka nyumba zao, na wakazi wa Fataki wamekimbia na kurudi zaidi ya mara moja. Mwezi Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Kwa hiyo safari ya barabara ile haipangwi kwa ramani. Inapangwa kwa kuuliza, kila asubuhi, watu waliofika jana.

Na swali lenye jibu la kweli kuliko yote ni hili: soko limejaa? Mama akiona hali si nzuri hateremki na kapu lake kutoka kijijini. Kama Mlendu na Mhema, watu wa jamii mbili za Djugu, wamekaa wanapimiana, huyu viazi, yule maziwa, basi njia inapumua. Ninaandika haya kwa kupenda mahali hapo, na natamani sana jibu liwe ndiyo kila juma.

Kitanda kwa padri

Nyumba za wageni za parokia, ambazo Wakongo huziita procure zinapokuwa mjini, zimekuwa zikilaza wasafiri miaka nenda rudi kwa bei isiyoumiza. Kitanda, chandarua, ndoo ya maji ya moto ukiomba mapema. Chakula kiko malewa, kwa mama anayepika kando ya njia. Kule La Paz na Cusco mwenye pesa kidogo hufanya vivyo hivyo: mchana anaingia sokoni, anatafuta upande wa wapishi, anakula almuerzo, supu kwanza na sahani ya pili baadaye, kwa bei moja. Kanuni ya nchi zote mbili ni moja: kaa pale madereva wamekaa.

Mji wa dhahabu kwenye mita 5,100

La Rinconada, Peru, ndio mji wa juu kuliko miji yote ambayo watu wanakaa kwa kudumu duniani: mita 5,100, mahali hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani. Watu wako huko kwa ajili ya dhahabu. Kwa desturi ya zamani inayoitwa cachorreo, mchimbaji anafanya kazi siku 30 bila mshahara, kisha anapewa siku moja ya kuchukua mawe kadiri anavyoweza kubeba. Ndani ya mawe hayo pengine kuna utajiri, pengine hakuna kitu.

Ituri inaijua bahati nasibu hiyo. Dhahabu ya huku iligunduliwa na watafutaji wawili Waaustralia mwaka 1903, migodi ya Kilo na Moto ikafuata, na mpaka leo vijana wanashuka mashimoni Mongbwalu. Mzani wa mnunuzi mdogo unastaajabisha: upande mmoja dhahabu, upande wa pili njiti ya kiberiti, uzito wake yapata sehemu moja ya kumi ya gramu. Kiasi kikubwa kinahesabiwa kwa tola, kipimo cha Kihindi cha gramu 11.66 kilichofika na wafanyabiashara.

Chumvi ya akina mama wa ng'ambo

Mkabala na Ituri, upande wa Uganda wa Ziwa Albert, kuna kijiji cha Kibiro, ambako akina mama wanalima chumvi. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye maji moto ya chumvi, udongo unaifyonza, wanaukwangua, wanauchuja kwa maji, kisha wanachemsha maji hayo mpaka chumvi ibaki. Udongo uleule wanautumia tena na tena. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta kazi hiyo imefanyika hapo zaidi ya miaka 700, na bustani za chumvi binti anazirithi kwa mama yake. Zamani mitumbwi iliivusha chumvi hiyo ziwani na kuleta chakula, kwa sababu ardhi ya Kibiro haioti mazao. Kijiji kizima kiliishi kwa kwenda sokoni.

Mgeni kwenye meza ya Bwana

Katika kanisa kuu la Cusco kuna mchoro wa Karamu ya Mwisho wa mwaka 1753, kazi ya Marcos Zapata, na kwenye sahani iliyo mbele ya Yesu amelala mnyama wa Andes: simbilisi, ambaye Wakongo wengi humwita kobaye. Mnyama huyu alifugwa Andes maelfu ya miaka iliyopita, na leo anazunguka chini ya vitanda na kando ya mafiga katika nyumba nyingi za Kivu. Anakula majani na maganda ya jikoni, anabeba mimba miezi miwili tu, na bei yake inatosha daftari la mtoto. Wafugaji wa Kivu wanataja sifa nyingine iliyozaliwa na vita: ng'ombe huwezi kumficha, lakini kobaye unawatia kwenye kapu na kukimbia nao.

Nyaya za La Paz, mbao za Goma

La Paz na El Alto, mji wa juu yake, vimetenganishwa na ukuta wa mlima wa mita 400 hivi. Mwaka 2014 walifungua mabehewa yanayoning'inia kwenye nyaya, na sasa kuna mistari 10 yenye urefu wa kilomita 30. Nauli ya mstari wa kwanza ni boliviano 3, chini ya nusu dola, nayo inampandisha mama na magunia yake juu ya foleni nzima.

Goma walilitatua tatizo la mteremko kwa mbao. Chukudu ni baiskeli isiyo na pedeli, imechongwa kwa mikaratusi, magurudumu yamevishwa mpira wa tairi kuukuu. Inashuka kutoka milimani na mamia ya kilo za viazi na kabichi, breki yake ikiwa ni kiatu cha dereva. Mji umeijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Na mkaratusi wenyewe? Mti wa Australia, ulioletwa Andes na kwetu katika karne ya 19 na ya 20, kwa sababu unakua haraka mlimani kote.

Gome lililovuka dunia

Ngao ya taifa la Peru ina mti: mkwinini. Gome lake ndilo lililotoa kwinini, dawa iliyotengwa na wakemia wa Ufaransa mwaka 1820 na kuokoa wagonjwa wa malaria wasiohesabika. Mwaka 1865 mbegu bora zilitoka Bolivia kwa siri. Aliyezipata ni Manuel Incra Mamani, mwenyeji aliyeijua miti hiyo kwa macho, akimfanyia kazi mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger. Waholanzi walizinunua wakapanda Java. Mti ukaitwa kwa jina la Ledger. Mamani, alipokamatwa baadaye akitafuta mbegu nyingine, alipigwa gerezani, na muda mfupi baada ya kuachiwa akafa.

Ukoo wa mbegu hizo ukafika Kivu wakati wa Wabelgiji, ukaipenda baridi ya milima, na Bukavu kuna kiwanda, Pharmakina, kinachotoa kwinini kutoka kwenye magome ya Kongo yenyewe. Mti wa Andes umepata milima yake ya pili. Jina la Mamani lingestahili kuandikwa kwenye kila kichupa.

Baridi yenye jua kali

Mlimani unaweza kutetemeka huku ngozi inaungua. Kila mita 1,000 unazopanda, miale ya jua inayochoma inaongezeka kwa asilimia 10 hivi, maana hewa ya kuichuja imepungua. Joto lenyewe linashuka digrii 6 au 7. Wauzaji wa La Paz wanavaa kofia ngumu za duara mwaka mzima. Wa Djugu wana mwavuli na kikwembe kichwani. Nunua kimoja kabla hujanunua viazi.

Saa moja ya bure mpakani

Ituri iko saa moja nyuma ya Uganda, na saa moja mbele ya Kinshasa. Anayetoka Goli, upande wa Uganda, saa tatu kamili asubuhi, akamaliza makaratasi kwa nusu saa, anaingia upande wa Mahagi saa mbili na nusu: amefika kabla hajaondoka. Akirudi jioni anailipa saa ileile. Kwa hiyo mwenye bidhaa ya kuoza huhesabu saa mbili kichwani kama anavyohesabu fedha tatu, na ukimwuliza saa ngapi sasa, atakuuliza kwanza: ya huku au ya ng'ambo?